Asiyeomba Mpira

Miezi michache baada ya mdogo wangu kusajiliwa kuwa mshambuliaji wa klabu ya wanawake huko Uswidi, klabu hiyo iliuliza kama ni bubu.

Swali lilitufikia nyumbani Buhembe kwa kinywa cha muuguzi wa Kiswidi aliyekuwa akihudumia yatima wa kanisa letu la Kilutheri. Yeye ndiye aliyemtafutia mdogo wangu nafasi ya shule kwao, na shule ndiyo iliyomfikisha kwenye klabu. Bibi, mama yake baba yetu, alimpa kiti na buni za kahawa za kutafuna, kisha yeye mwenyewe akaketi chini kwenye nyasi zilizotandikwa sakafuni, kama tunavyotandika kwetu.

"Kocha anasema uwanjani hatoi neno," muuguzi alisema. Kiswahili chake kilikuwa kizuri kuliko changu. "Haombi mpira. Hawaonyi wenzake. Akifunga bao, anaziba mdomo kwa mikono miwili na kurudi katikati. Wanauliza kama ana shida ya koo, au ya masikio."

"Bubu?" Bibi alisema. "Yule? Yule alikuwa anaongea hata usingizini. Nilimlaza upande wa ukutani ili usiku aongee na ukuta, sisi tulale."

Muuguzi alicheka. Alisema hata wao walishangaa, kwa sababu ndani ya basi la timu mdogo wangu alikuwa akipiga soga kwa Kiswidi kibovu mpaka wenzake wakamwomba apumzike kidogo. Akiingia uwanjani tu, kimya. Msimu ule wa kwanza hakuna aliyekuwa amesikia sauti yake kati ya filimbi ya kwanza na ya mwisho.

Kisha muuguzi akaacha kucheka. Mkataba ulikuwa wa mwaka mmoja, na ungemalizika muda mfupi baada ya msimu ujao kuanza. Kocha alikuwa amesema wazi kwamba msimu ujao ukianza na yeye bado hasemi na wenzake, atatafuta mshambuliaji mwingine. Bila mkataba hana kibali cha kukaa, na bila kibali anarudi nyumbani.

"Yeye mwenyewe anasemaje?" Bibi aliuliza.

"Anataka kubaki. Anasema hajawahi kufurahi kama anavyofurahi akiwa na njumu miguuni."

Bibi aliangalia nje, kwenye kibanja, kule migomba inapoteremka kuelekea makaburi yetu. Akasema, "Kunyamaza nilimfundisha mimi."

Nieleze alivyomfundisha.

Mdogo wangu alizaliwa muda mfupi kabla ya vita. Ndege zilipoanza kupita juu ya Bukoba, mama alimfunga mgongoni, akanishika mkono, tukaondoka na majirani kwa miguu kuelekea kwao Muleba. Bibi alikataa kuondoka. Alisema ndizi zake zinaiva na hawezi kumwachia mtu aliyetoka mbali na bunduki azile. Kinachokumbukwa na kila aliyekuwa kwenye msafara ule ni kwamba mdogo wangu alilia njia nzima. Alilia Kyetema, alilia Kemondo, na kila tulipopumzika alinyonya kwanza ili apate nguvu ya kulia tena. Mzee mmoja alimwambia mama, "Mwanangu, huyu ataziita ndege." Mama alikuwa akilisimulia jambo hilo kwa fahari, kama mtu anayesimulia mtoto aliyezaliwa na meno.

Vita viliisha, tukarudi. Baba aliendelea na biashara yake ya samaki wakavu. Alivuka kwenda Bumbire na visiwa vingine vya Muleba, akanunua kwa wavuvi, akauza Bukoba mjini. Wavuvi wa kule walitoka kila upande wa ziwa, na baba alirudi na maneno ya lugha zao, na zawadi ndogondogo. Mara moja alituletea boya dogo la wavu. Mdogo wangu alilizungushia matambara, kisha nyuzi kavu za migomba, tabaka juu ya tabaka, mpaka likawa mpira. Mpira ule ulikuwa na sifa moja ambayo wakati ule hatukuijali: ukipigwa haukutoa sauti.

Kisha ukaja ugonjwa. Mwanzoni watu waliupa jina la nguo zilizokuwa zikiingia kwa magendo baada ya vita, kwa sababu waliotangulia kukonda walikuwa wale waliosafiri na kuvaa vizuri. Baadaye waliougua walikuwa watu wa kila aina, na jina lile likakosa maana. Baba alikonda. Alikuwa mtu wa mabega mapana, na nguo zilibaki zikimning'inia kama zimeanikwa. Alifariki mdogo wangu akiwa amekwisha anza shule.

Kwetu mtu akifa, kijiji kinasimama. Hakuna anayeshika jembe. Majirani wanaleta ndizi, kuni na nyasi. Nyasi zile zinatandikwa ndani ya nyumba ya msiba, na wafiwa wanalala juu yake hadi siku ya kumaliza matanga. Siku hiyo watu wananyolewa, nyumba inafagiwa, na nyasi za msiba zinatolewa nje. Mkubwa wa ukoo anasimama mlangoni na kuwaambia watoto wa marehemu maneno ya kawaida kabisa: haya, tokeni, mkafanye kazi, mcheke. Ya baba nayakumbuka vizuri. Mdogo wangu alishika kichwa chake kilichonyolewa, akasema kinafanana na boya, na kwa kuwa tulikuwa tumekwisha ruhusiwa, tulicheka.

Lakini miaka ile misiba haikupeana nafasi. Nyasi za nyumba moja zilikuwa hazijatolewa, kengele ya kanisa inalia kwa ajili ya nyumba nyingine. Wazee walikaa wakapunguza siku za kutolima, maana watu wangekufa njaa wakiwalilia waliokufa kwa ugonjwa. Jembe likaruhusiwa. Kelele za furaha hazikuruhusiwa: hakuna ngoma, hakuna vigelegele, hakuna watoto kupiga mayowe uwanjani wakati jirani amelala chini. Na kwa kuwa kila wakati kulikuwa na jirani aliyelala chini, watoto waliacha kucheza.

Mzee mmoja wa kanisa alikuja kwa Bibi kumshukuru kwamba wajukuu wake wana adabu, wanakaa tu ukutani.

"Hawana adabu," Bibi alimjibu. "Wana huzuni. Wakisubiri msiba uishe kijijini, watacheza wakiwa na mvi."

"Sasa tufanyeje, mama? Tucheze ngoma juu ya makaburi?"

"Ngoma sikusema."

Mzee alipoondoka, Bibi alituita. Alikuwa ameshika ule mpira wa nyuzi za migomba. "Chezeni," alisema. "Lakini nisisikie sauti. Nikisikia sauti moja, mpira huu unaivisha maharage."

Hivyo ndivyo ulivyoanza mchezo wetu, kwenye kiwanja cha majani nyuma ya shule, mahali ambapo ziwa linaonekana kama ukingo wa sahani. Wasichana na wavulana tulicheza pamoja, wengi wetu wenye vichwa vilivyonyolewa karibuni. Hatukuwa na mwamuzi, maana nani angepiga filimbi? Aliyechezewa vibaya alikaa chini, na wote walisimama. Bao likifungwa, mfungaji aliziba mdomo kwa mikono miwili ili furaha isitoke, na wenzake walilala chali na kurusha miguu hewani kama mende waliopinduliwa. Mtu aliyepita njiani angeona watoto wameanguka wote kwa pamoja bila sababu.

Kuomba mpira kulikuwa ndio ugumu wenyewe. Mshambuliaji kazi yake nusu ni kuomba: nipe, nyuma yako, niko peke yangu. Sisi hatukuweza. Wengine walipunga mikono, lakini ukipunga mkono hata anayekukaba anakuona. Mdogo wangu alipata njia nyingine. Alimtazama mwenye mpira, akahesabu moyoni kwamba mguu wake unaweza kwenda wapi na wapi, akaenda huko kabla. Mpira ulipofika, ulimkuta. Nilicheza beki upande wa pili na nilimchukia kwa ajili hiyo. Nilikuwa namkaba, nageuza shingo kumtazama mwenye mpira, nikirudi kumtazama yeye, hayupo.

Mwalimu wetu wa shule ya msingi alitupeleka kucheza Kashozi, penye misheni ya Wakatoliki. Kule uwanja ulikuwa mkubwa na watoto wao walikuwa na sauti. Walitukuta tumenyamaza hata wakati wa kupasha misuli, wakaanza kutucheka.

"Walutheri, mmekuja kucheza au kuzika?"

"Mpeni pole, mpeni pole huyo!"

"Na msichana wamemleta! Maua ya kaburi yako wapi?"

Hatukujibu. Hatukuwa wapole, tulikuwa tumekwisha sahau kwamba uwanjani mtu anaweza kujibu. Mdogo wangu alifunga, akaziba mdomo. Akafunga tena, akaziba mdomo. Mechi ilipoisha na tukavuka mstari, akageuka akawapungia mkono, akasema kwa sauti ambayo hata padre aliyekuwa kibarazani aliisikia, "Tumewazika! Kaburi mchimbe wenyewe!" Njia nzima ya kurudi hakunyamaza.

Wakati huo mama hakuwa nasi tena. Baada ya kifo cha baba alianza kuugua naye, na kama wajane wengi wa miaka ile, alirudi kwao Muleba auguzwe na ndugu zake. Sisi tulibaki Buhembe, kwa kuwa watoto ni wa ukoo wa baba. Alipofariki tulipelekwa kumzika kule, juu ya kilima, mahali ambapo unaviona visiwa. Hatukulala. Siku hiyohiyo ilikuja habari kwamba baba mdogo, mtoto wa mwisho wa Bibi, naye amefariki Buhembe, na tukapakiwa kwenye lori kurudi. Nakumbuka mdogo wangu akiwa amesimama nyuma ya lori, ameshikilia bomba, anaangalia nyuma. Hakulia. Sikulifikiria jambo hilo kwa miaka mingi.

Muuguzi alimwona akicheza akiwa sekondari. Alikuwa amekuja kuleta daftari na sare za yatima, akasikia kimya kisicho cha kawaida nyuma ya darasa, akaenda kutazama. Yeye mwenyewe ujana wake alikuwa kipa. Alisimama pale, masanduku ya daftari yakabaki kwenye gari hadi wanafunzi wenyewe walipokwenda kuyashusha. Jioni alimwambia Bibi, "Mtoto huyu anajua mpira utakuwa wapi kabla mpira wenyewe haujajua." Bibi alijibu kwamba angependa zaidi ajue sufuria iko wapi.

Lakini alimwacha aende. Alimshonea gauni zito ambalo huko Uswidi halikutosha kuzuia hata upepo wa vuli, akamwombea, akamsindikiza hadi bandarini kupanda meli ya Mwanza. Pale gatini mdogo wangu alikuwa akiongea bila kupumua, anatuagiza hiki na kile, anamwambia Bibi asiinue ndoo zilizojaa. Meli ilipotoa honi, aliziba mdomo kwa mikono miwili.

Sasa nirudi kwenye siku ya muuguzi na swali lake. Baada ya kuondoka kwake tulikopa redio kaseti ya jirani, tukamrekodia mdogo wangu maneno. Bibi alimwambia, "Mjukuu wangu, huko si kwetu. Huko piga kelele. Nimekuruhusu." Alidhani imekwisha.

Kaseti ya majibu ilichukua muda kurudi. Tuliisikiliza mezani, sahani za chakula zikiwa zimesukumwa pembeni. Kwanza alisimulia theluji, na watoto wa mji ule walioanza kuziba midomo wanapofunga mabao shuleni kwao, wakidhani ndiyo mtindo wa Afrika nzima. Tulicheka sana. Kisha sauti yake ikashuka.

"Bibi, nimejaribu. Nafanya mazoezi peke yangu porini, natamka. Nikiingia uwanjani koo linafunga. Naona kama kuna nyumba karibu na watu wamelala chini. Nataka kuuliza kitu. Matanga ya baba nakumbuka, tulinyolewa. Ya mama yaliisha lini? Nimefikiri sana, sikumbuki mtu akituambia tutoke."

Bibi alinyoosha mkono akaizima redio.

"Yaliishia Muleba," Bibi alisema. "Alizikwa Muleba. Wao ndio waliomaliza." Akanitazama. "Si ndiyo?"

Wakati huo nilikuwa nimeanza kazi ya kuandika habari za mkoa, na kazi hiyo ilikuwa imenizoesha kuuliza jambo moja kwa watu wawili. Wikiendi ile nilikwenda Muleba kwa mjomba, kaka yake mama.

Nilimkuta akitengeneza wavu. Baada ya salamu na habari za wote, nilimuuliza siku gani walimaliza matanga ya mama.

"Sisi?" Mjomba aliacha sindano ya wavu hewani. "Sisi tungemalizaje? Mama yako aliolewa. Mahari ililiwa. Matanga ya mke wa mtu yanamalizwa kwa mume wake. Sisi tulizika tu, kwa kuwa alifia mikononi mwetu. Bibi yako ndiye aliyemaliza."

"Bibi anasema ni ninyi."

"Basi Bibi amezeeka."

"Nyasi za msiba nani alizitoa, mjomba?"

Alifikiri. Kisha akaiweka sindano chini. "Nyasi tulizitoa kwa sababu ya viroboto."

Miaka yote ile kila upande ulikuwa umeheshimu haki ya upande wa pili. Muleba walinyamaza kwa kuwa mke ni wa Buhembe. Buhembe walinyamaza kwa kuwa kaburi ni la Muleba, na kwa kuwa siku zile walikuwa wakimlilia baba mdogo. Hakuna aliyepuuza. Kila mmoja alikuwa na adabu, na watoto wa marehemu walisahaulika katikati ya adabu hizo.

Bibi alipopata habari alikasirika kwanza, na alimkasirikia mjomba. "Mwili uko kwake! Mimi nikamalize matanga kwenye nyumba ya mtu?" Mjomba, nilipompelekea jibu, alisema hawezi kufanya kazi ya ukoo usio wake. Nikawa nakwenda na kurudi kama karani wa baraza. Huku nyuma barafu ya Uswidi ilikuwa inayeyuka na msimu unakaribia.

Hatimaye nilimwekea Bibi ile kaseti mara ya pili, mahali pale tu mdogo wangu anaposema sikumbuki mtu akituambia tutoke. Bibi alisikiliza, akainuka, akachukua mundu, akaenda kukata nyasi.

Tulisafiri na furushi la nyasi za Buhembe nyuma ya pikapu ya mfanyabiashara wa ndizi. Utingo wake alilitazama, akamwita Bibi kwa heshima ya Kihaya.

"Bibi waitu, Muleba nyasi zimekwisha?"

"Ziko," Bibi alisema. "Ila hizi zina ukoo."

Mjomba alitupokea mlangoni. Bibi aliingia moja kwa moja. Alifungua furushi na kuanza kutandika kwenye chumba alichofia mama, na baada ya muda mjomba akapiga magoti upande wa pili, akatandika naye. Upande wa Buhembe ulileta nyasi, upande wa Muleba ulitoa nyumba. Hakuna aliyelitangaza kuwa ni suluhu. Tulisali, tukalala juu yake usiku mmoja, Bibi akiwa kati yangu na ukuta. Asubuhi mjomba alitunyoa, nyumba ikafagiwa, na nyasi zikatolewa nje na mikono ya watu wa pande zote mbili. Bibi alisimama mlangoni. Kwa kuwa mmoja wa watoto wa marehemu hakuwepo, nilishika redio kaseti mbele yake na kubonyeza kitufe cha kurekodi.

"Haya," alisema. "Tokeni. Mkafanye kazi. Mcheke."

Nilidhani hapo ndipo pa kuzima. Lakini Bibi alikuwa amekwisha anza kuteremka kilima kuelekea kiwanja cha shule, ambako watoto wa wavuvi walikuwa wakicheza mpira wa nailoni. Walipomwona mwanamke mzee aliyenyolewa karibuni, waliusimamisha mpira wakanyamaza. Waliona msiba, wakafanya walivyofundishwa.

"Chezeni!" Bibi aliwaambia.

Walicheza, polepole, bila sauti.

"Na mpige kelele!"

Walitazamana. Msichana mmoja alitoa kisauti kidogo, akaona aibu, akaziba mdomo. Bibi alimwona. Nami nilimwona Bibi akimwona. Akavuta pumzi, akaikusanya khanga yake, na yeye aliyekuwa ametukataza sauti miaka yote ile akapiga yowe lililowarusha ndege waliokuwa kwenye miti ya ufukweni. Watoto wakalipuka. Waliitana majina, walidai penalti, walitukanana. Kule chini wavuvi waliokuwa wakianika dagaa waliinuka.

"Nani kafunga?" mmoja aliita.

"Mjukuu wangu!" Bibi aliita.

"Yuko wapi?"

"Uswidi!"

Yote hayo yamo kwenye kaseti. Muuguzi alikuwa anakwenda likizo kwao, akaibeba mwenyewe.

Mechi ya kwanza ya msimu ilichezwa tukiwa hatujui. Siku chache baadaye tuliitwa kwenye ofisi ya kanisa kupokea simu. Bibi aliingia peke yake, kwa kuwa ndiye aliyeombwa, na nilimwona kupitia dirishani akiwa ameushika mkono wa simu kwa mikono miwili, anatikisa kichwa. Alipotoka alisema, "Amebaki. Wamempa mkataba mwingine."

"Alipiga kelele?"

Bibi aliziba mdomo kwa mikono miwili. Macho yake yalikuwa yanacheka. Nilimuuliza njiani, nilimuuliza nyumbani, nilimuuliza mwaka uliofuata. Mpaka alipofariki, akiwa mzee sana, na matanga yake yakamalizwa siku yake bila mabishano, jibu lake lilikuwa lile lile.

Mdogo wangu alicheza huko misimu mingi, akastaafu kwa sababu ya goti. Anakuja Buhembe, anafundisha wasichana kwenye kiwanja kile cha nyuma ya shule, na anawapigia makelele kiasi kwamba majirani wanalalamika. Nikimuuliza juu ya mechi ile anasema, "Muulize Bibi." Muuguzi ana maelezo yake: anasema alimweleza kocha habari ya nyasi, na kocha, ambaye hakuwa mtu mbaya, aliondoka mezani akarudi na mkataba mpya. Anasema pia kocha alimwambia kuhusu mdogo wangu, sasa tunaelewana naye. Muuguzi hakumuuliza kocha ana maana gani.

Nina mkanda wa video wa mechi hiyo. Mtu aliurekodi akiwa jukwaani, na sauti inayosikika ni ya upepo na ya mtoto anayeomba peremende. Kuelekea mwisho, kiungo wa timu yake ana mpira na anakwenda kushoto. Ghafla anageuza kichwa kulia, kama mtu aliyeitwa, anapiga pasi bila kutazama tena, na mpira unamkuta mdogo wangu, naye anafunga. Nimeurudisha mkanda pale mpaka umechakaa. Huenda aliita. Huenda alikuwa tu mahali pale ambapo mwenye mpira hana budi kumwona, kama zamani. Wakati kiungo anageuza kichwa, mdogo wangu ameipa kamera mgongo.